Kumbukumbu ya kifaranga, saa kwa saa

Wahenga walisema mwana wa kuku hafunzwi kuchakura, na kuhusu kuchakura walisema kweli. Kifaranga aliyetoka kwenye mashine ya kutotolesha, ambaye hajawahi kuona kuku mkubwa, ataparua chini na kudonoa bila kuonyeshwa na yeyote. Mama ni habari nyingine. Huyo hamjui mpaka amwone. Aliyewahi kumwatamisha kuku mayai ya bata ameliona hilo uani kwake: vifaranga wa bata wanamfuata kuku unyounyo, wakifika kwenye dimbwi wanajitosa, naye kuku anabaki ukingoni akipiga kelele. Kuogelea walizaliwa nako. Kumfuata kuku walijifunza, tena ndani ya siku moja au mbili.

Jambo hilo Douglas Spalding aliliandika Uingereza mwaka 1873, na Konrad Lorenz akalipa umaarufu mwaka 1935 kwa neno la Kijerumani Prägung, yaani kupiga chapa kama sarafu inavyopigwa. Mfano wa sarafu siupendi sana. Unafanya ionekane kwamba chapa ikishagongwa kazi imekwisha, wakati ndani ya ubongo wa kifaranga kazi inaendelea kwa zaidi ya siku nzima baada ya macho kuona, na kila hatua ina molekuli zake na saa zake. Hapa nitaita kunasa sura. Makosa mengi ya wanaosoma au kurudia majaribio haya ni makosa ya saa: mtu amepima mapema mno, au amechelewa, au amedhani kwamba kilichopanda saa ya kwanza ndicho kinachotunza kumbukumbu kesho yake.

Kifaranga alichaguliwa kwa sababu za kazi. Mtoto wa panya huzaliwa kipofu na uchi, ananyonya, na huwezi kumtenga na mama bila kumuumiza. Kifaranga anatoka akiona, akitembea, na kiini cha yai alichobaki nacho tumboni kinamlisha kwa siku mbili hivi. Siku zote 21 za yai unaweza kudhibiti mwanga, joto na sauti. Fuvu lake siku ya kwanza bado ni laini, sindano fupi inapita bila kuchimbiwa tundu. Na la muhimu kuliko yote hayo, kabla ya jaribio macho yake hayajajifunza kitu. Badiliko lolote utakalolikuta kwenye ubongo halijafukiwa chini ya kumbukumbu za zamani.

Jaribio lenyewe linaanzia kwenye mashine. Mayai yanakaa kwenye nyuzi joto 37.5 hadi 37.7, yanageuzwa mpaka siku ya 18, na siku za mwisho yawe gizani kabisa. Giza hili si urembo. Kifaranga anapokaribia kutoka hulala ndani ya ganda akiwa amejikunja hivi kwamba jicho la kushoto limefunikwa na mwili wake mwenyewe, na la kulia limeelekea ganda. Mwanga ukipita, unafika jicho moja tu, na pande mbili za ubongo zinaanza kukua tofauti. Lesley Rogers alionyesha kwamba saa mbili tu za mwanga siku hizo zinatosha kuacha athari. Kwa hiyo mtu anayefungua mashine siku ya 19 kupima mayai kwa tochi, halafu wiki ijayo analinganisha molekuli za ubongo wa kushoto na wa kulia, ameshajiharibia kazi kabla hajaanza.

Wakishatotolewa, kila mmoja anawekwa peke yake kwenye kiboksi, gizani. Peke yake, kwa sababu wakikaa pamoja kwenye mwanga watanasana sura wao kwa wao, na boksi utakaloleta baadaye litakuta nafasi imeshachukuliwa. Kati ya saa 15 na 30 baada ya kutotolewa, kifaranga anatolewa, anakaa nusu saa kwenye mwanga bila kitu cha kuangalia, kisha anaingizwa kwenye gurudumu la kukimbilia, lile linalozunguka mahali pamoja mnyama anapotembea. Mbele yake, takriban nusu mita, kuna boksi jekundu lenye taa ndani, linazunguka polepole, na mwito wa kuku mama unachezwa ili awe macho. Kifaranga analikimbilia. Hafiki, gurudumu linazunguka tu, lakini haachi. Utamwona ameinamisha shingo mbele, miguu inakwenda mbio, na ile sauti yake ya shida, kali na ndefu, inageuka kuwa milio mifupi ya chini ya kuridhika. Mafunzo huchukua saa moja hadi nne.

Kupima ni hesabu ya darasa la sita. Unamwonyesha boksi jekundu alilolizoea na silinda ya bluu asiyoijua, kwa zamu, dakika sawa kwa kila kimoja, na unahesabu mizunguko. Gawanya mizunguko ya kufuata kitu alichofunzwa kwa jumla ya mizunguko yote, zidisha kwa 100. Aliyezungusha mara 180 kwa boksi na 20 kwa silinda amepata 90: amenasa. Aliyezungusha 95 kwa 105 amepata 47.5, na huyo hajanasa kitu, hata kama amekimbia sana. Namba 50 ndiyo mstari wa kutojua.

Kinachoharibu hapa ni vitu vidogo. Kifaranga aliyepoa analia na kusimama. Aliyezidiwa joto anasinzia. Wote wawili watakupa mizunguko michache, na hesabu ikiwa na mizunguko sita tu kwa jumla, asilimia haina maana yoyote. Rangi nazo zina upendeleo wake wa kuzaliwa, kwa hiyo nusu ya vifaranga wafunzwe kwa boksi jekundu na nusu kwa silinda ya bluu. Kosa kubwa zaidi ni kutumia kuku aliyekaushwa na kujazwa pamba kama kitu cha kufunzia, kwa kudhani ndiyo hali ya asili. Mark Johnson na Gabriel Horn walionyesha miaka ya 1980 kwamba kifaranga ana mvuto wa kuzaliwa kuelekea kichwa na shingo ya ndege, mvuto unaojitokeza hata kwa asiyefunzwa kitu. Ukitumia kuku wa pamba unapima mambo mawili kwa pamoja, ya kuzaliwa na ya kujifunza, na huwezi kuyatenganisha. Boksi jekundu halina undugu na kifaranga. Ndiyo sifa yake.

Swali lililowasumbua Horn, Patrick Bateson na Steven Rose tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970 lilikuwa hili: tukikuta protini zimeongezeka kwenye ubongo wa kifaranga aliyefunzwa, tutajuaje kwamba ni kwa sababu amejifunza? Pia amekimbia, amepigwa na mwanga, ameshtuka, amelia. Ubongo wa mwenzake aliyebaki gizani si kipimo cha haki. Dawa yao ninaiona bado ni bora kuliko mashine nyingi zilizokuja baadaye. Siku ya kwanza waliwafunza vifaranga kwa muda tofauti, wengine dakika 20, wengine 60, 120 au 240. Siku ya pili wote wakafunzwa dakika 60 zilezile, kwa kitu kilekile, na hapo ndipo wakapima utengenezaji wa molekuli mpya. Wote siku hiyo wameona sawa na wamekaa kwenye mwanga sawa. Tofauti pekee ni kiasi kilichobaki cha kujifunza: aliyefunzwa dakika 20 jana bado ana mengi, wa dakika 240 amekaribia kumaliza. Na kweli, kwenye paa la ubongo wa mbele, kadiri kifaranga alivyofunzwa zaidi jana, ndivyo utengenezaji wa leo ulivyokuwa mdogo. Kukimbia hakuwezi kueleza hilo.

Kutoka hapo walitafuta mahali. Mwaka 1979 walifika kwenye kipande kidogo cha kila upande, karibu na mstari wa kati, walichokiita IMHV. Tangu majina ya ubongo wa ndege yaliporekebishwa mwaka 2004 kinaitwa IMM. Ukikiharibu pande zote mbili kabla ya mafunzo, kifaranga hanasi. Ukikiharibu muda mfupi baada ya mafunzo, alichokinasa kinapotea. Lakini kifaranga huyo bado anaona, anatembea, anadonoa, anaweza kujifunza kukanyaga mahali fulani ili apate zawadi, na ule mvuto wake wa kuzaliwa kwa kichwa cha kuku uko palepale. Kilichoondoka ni kumtambua huyu hasa niliyemwona jana.

Sasa saa zenyewe. Sekunde na dakika za kwanza kazi inaanzia kwenye kipokezi cha NMDA, ambacho ni mlango wenye kufuli mbili. Kufuli ya kwanza inafunguliwa na glutamati inayomwagwa na seli ya jirani. Ya pili ni punje ya magnesiamu iliyoziba tundu, ambayo haiondoki mpaka seli inayopokea nayo iwe tayari imesisimka. Seli mbili zikifanya kazi kwa wakati mmoja ndipo mlango unafunguka na kalsiamu inaingia. Ukidunga dawa ya kuziba NMDA ndani ya IMM kabla ya mafunzo, kifaranga anakimbilia boksi kama kawaida lakini kujifunza kunadhoofika. Angalia vizuri: anakimbia kama kawaida. Dawa inayomlevya kifaranga akashindwa hata kusimama haithibitishi kitu kuhusu kumbukumbu, na kwenye dozi kubwa dawa hizi hulevya kweli.

Kalsiamu ni ya kupita. Ndani ya muda mfupi inasukumwa nje. Kitu lazima kibaki. Hapo ndipo kinapoingia kimeng'enya cha CaMKII, ambacho kikishawashwa na kalsiamu kinajibandika fosfeti chenyewe na kuendelea kufanya kazi hata kalsiamu ikiisha, kama mkaa unaoendelea kuwaka baada ya kiberiti kuzimika. Revaz Solomonia na wenzake wa Tbilisi, nchini Georgia, wakishirikiana na Horn na Brian McCabe wa Cambridge, waliona saa moja baada ya mafunzo kwamba CaMKII iliyojibandika fosfeti imeongezeka kwenye IMM ya kushoto, na imeongezeka zaidi kwa vifaranga waliopata alama kubwa kwenye kipimo. Uhusiano huo na alama ndio unaonishawishi, kuliko wastani wa kundi peke yake. Karibu na muda huohuo jeni ya c-fos inakuwa imewaka ndani ya viini vya seli, dalili kwamba seli imeanza kuagiza protini mpya.

Umbo la maungio ya seli na seli, yaani sinapsi, nalo linabadilika mapema kuliko wengi walivyotarajia. Waliofunzwa dakika 140 walikaguliwa kwa hadubini ya elektroni pamoja na waliofunzwa dakika 20. Idadi ya sinapsi haikubadilika. Kilichobadilika ni ukubwa wa lile pedi zito la protini upande wa kupokea, ambapo vipokezi vimepandwa: kwenye IMM ya kushoto, urefu wake uliongezeka kwa takriban asilimia 17, na kulia hakuna. Pedi kubwa ni uwanja mkubwa wa vipokezi. Lakini vipokezi vyenyewe havifiki siku hiyohiyo asubuhi. McCabe na Horn walipopima NMDA kwa saa tofauti, hadi saa 6 baada ya mafunzo hawakuona ongezeko. Saa 8 na nusu lilikuwepo. Na protini za N-CAM, ambazo kazi yake ni kushikamanisha seli na seli, uhusiano wake na kujifunza haukuonekana saa 9 na nusu, ukaonekana saa 24.

Sasa fikiria mtu anayefanya jaribio moja tu, akachinja vifaranga saa 3 baada ya mafunzo, akapima NMDA na N-CAM, akaandika kwamba molekuli hizo hazihusiki na kumbukumbu. Maabara yake haina kosa. Saa yake ndiyo yenye kosa.

Katikati ya hayo yote kifaranga anatakiwa alale. Waliosumbuliwa kwa saa 6 za kwanza baada ya mafunzo, kisha wakaachwa wapumzike, hali yao siku ya pili ilikuwa mbaya kuliko ya waliopumzika kwanza wakasumbuliwa baadaye, ingawa jumla ya usumbufu ni ileile. Kwenye IMM yao, seli zilizokuwa zimeanza kuitikia boksi hazikutulia. Anayewatoa vifaranga kila baada ya saa moja kuwapima uzito siku ya mafunzo anapima na kuharibu kwa mkono mmoja.

Kunasa sura kuna udhaifu mmoja mkubwa kwa mtu wa kemia: mafunzo ni ya saa kadhaa, kwa hiyo huwezi kusema dakika sifuri ni ipi. Ndiyo maana Rose, alipokuwa Open University, aliegemea jaribio jingine ambalo Arthur Cherkin alilianzisha Marekani mwaka 1969, la ushanga mchungu. Kifaranga wa siku moja hudonoa kila kinachong'aa. Wanawekwa wawili wawili kwenye kisanduku chenye joto, kwa sababu akiwa peke yake analia badala ya kudonoa. Kwanza wanaonyeshwa ushanga mdogo mweupe wa milimita 2 au 3, mara tatu, sekunde 10 kila mara. Asiyedonoa angalau mara mbili anaondolewa kwenye hesabu mapema, kabla hujajua yuko kundi gani. Ukimwondoa baada ya matokeo unajidanganya. Kisha unaletwa ushanga wa kung'aa wa milimita 4 uliochovywa kwenye methili anthranilati, kimiminika chenye harufu nzuri ya zabibu na ladha inayowachukiza ndege. Kifaranga anadonoa mara moja. Anarudi nyuma, anatikisa kichwa kwa nguvu, anafuta mdomo sakafuni. Sekunde chache, imekwisha. Kesho ukimletea ushanga uleule mkavu anaukwepa, lakini mweupe anaudonoa. Usipojaribu na mweupe huwezi kujua kama amekumbuka au anaumwa tu.

Ubovu wa kawaida hapa ni mikono. Ushanga uliochovywa ukigusa ukuta wa kisanduku, harufu inabaki na kundi la kulinganishia, lililopewa ushanga uliochovywa kwenye maji tu, linaanza kukwepa pia. Sindano nayo huvikwa mrija wa plastiki ili isiingie zaidi ya milimita 3 hivi. Bila kizuizi hicho kila mtu anadunga kina chake. Na dozi ndogo ya mikrolita chache kila upande ikisukumwa haraka inarudi nje kwa njia iliyoingilia.

Faida yake ni kwamba dakika sifuri inajulikana, na ukiijua unaweza kuuliza dawa ipi inaua kumbukumbu saa ngapi. Marie Gibbs na Kim Ng, Australia, waligawa kumbukumbu hiyo katika vipindi vitatu: cha robo saa ya kwanza, cha kati mpaka karibu saa moja, na kirefu kinachoanzia hapo, kila kimoja kikivunjwa na aina yake ya dawa. Anisomaisini, inayosimamisha utengenezaji wa protini, ikitolewa wakati wa mafunzo haimzuii kifaranga kukumbuka dakika za mwanzo. Anaukwepa ushanga vizuri kabisa. Baadaye ndipo anausahau. Kwa hiyo kumbukumbu ya mwanzo haihitaji protini mpya, inatumia zilizopo kwa kuzibandika fosfeti. Ya kudumu ndiyo inayohitaji.

Kundi la Rose likakuta zaidi ya hapo: madirisha, yaani vipindi ambavyo dawa inaweza kuua kumbukumbu, ni mawili. La kwanza linazunguka wakati wa mafunzo yenyewe. La pili liko takriban saa 4 hadi 8 baadaye, kutegemea dawa. Katika hilo la pili seli inatengeneza glaikoprotini, yaani protini zilizovishwa sukari, zinazopelekwa kwenye utando wa sinapsi kushika maungio. Sukari mojawapo ni fukosi. Mpe kifaranga deoksigalaktosi, inayozuia fukosi isibandikwe, ndani ya dirisha lolote kati ya hayo mawili, na kesho hakumbuki. Ushanga ukichovywa kwenye myeyusho dhaifu, asilimia 10 tu, kifaranga anaukwepa kwa saa kadhaa kisha anausahau, kwa sababu wimbi la pili la glaikoprotini halikuja. Carmen Sandi na Rose walionyesha mwaka 1994 kwamba dozi ndogo ya kotikosteroni, homoni ya mshtuko, ikitolewa pamoja na mafunzo hayo dhaifu, kumbukumbu inafika kesho. Mshtuko wa kiasi ndio unaosema hili ni la kutunza. Dozi ikipandishwa zaidi, faida inapotea.

Sheria hiyo ya kiasi inarudi kwa watoto wa panya, na kule ina sura ya ajabu zaidi. Kabla ya siku ya 10 mtoto wa panya hujifunza kupenda harufu yoyote inayokuja pamoja na kusuguliwa mwilini kwa brashi laini, kama mama anavyomlamba. Noradrenalini inayotoka kwenye shina la ubongo ndiyo inayobeba ujumbe huo. Unaweza kuacha brashi kabisa ukampa isoproterenoli, dawa inayoamsha vipokezi vya beta vya noradrenalini, miligramu 2 kwa kilo ya uzito, pamoja na dakika 10 za harufu ya mnanaa, na kesho ataufuata mnanaa. Mpe miligramu 4: hajifunzi. Wasomaji wa haraka huona dozi kubwa haifanyi kazi wakasema dawa haifanyi kazi. Na katika umri huo hata ukiambatanisha harufu na shoti ndogo ya umeme mguuni, mtoto anaipenda harufu. Regina Sullivan na wenzake walieleza kwa nini: kotikosteroni yake bado iko chini, amigdala, sehemu ya ubongo inayohusika na woga, haijaingia kazini, na kwa kiumbe asiyeweza kuondoka kiotani, kumchukia anayemnyonyesha ni kifo. Baada ya siku ya 10 shoti ileile inamfundisha woga, isipokuwa mama akiwepo, maana uwepo wake unashusha kotikosteroni.

Kwa kifaranga, mlango wa kunasa sura, unaofunguka na kufunga, una ufunguo wake, na ufunguo huo tunauweka kwenye chumvi kila siku: madini joto. Tezi ya shingo inatoa homoni T4, molekuli yenye atomi nne za madini joto, ambayo ni kama mzigo wa akiba unaozunguka kwenye damu. Kimeng'enya kiitwacho Dio2 kinang'oa atomi moja na kuacha T3, ambayo ndiyo inayofanya kazi kali. Mwaka 2012 kundi la Koichi Homma huko Japani lilionyesha kwamba kifaranga anapofunzwa, Dio2 kwenye kuta za mishipa midogo ya damu ya ubongo inageuza T4 kuwa T3, na T3 inaingia ubongoni kwa haraka. Bila T3 hiyo mlango haufunguki. Ikiingia mapema, muda wa kunasa unarefuka kupita wiki moja, na ujifunzaji wa baadaye unarahisika. Hata kifaranga aliyekaa gizani mpaka siku zake zikapita, ambaye hana tena uwezo wa kunasa, akidungwa T3 kisha akafunzwa, ananasa. Na T3 hapa haipiti njia yake ya kawaida ya kuwasha jeni, ambayo ingechukua muda mrefu. Inafanya kazi ya haraka ndani ya seli iliyopo.

Matokeo hayo yanabadilisha namna ya kusoma neno dirisha. Watu wengi huandika kana kwamba umri wenyewe unafunga mlango, siku ya tatu imefika basi. Umri haufungi chochote. Kinachofungua ni homoni, na homoni inapandishwa na kuona kwenyewe. Kwa anayefanya jaribio, maana yake ni kwamba vifaranga wawili wa umri uleule, mmoja aliyeona mwanga kwa saa mbili kwenye sanduku la kusafirishia na mwingine aliyebaki gizani, si sawa tena, hata kama kadi zao zinaonyesha saa ileile ya kutotolewa.

Kuna jambo moja la pande mbili za ubongo ambalo linawachanganya wengi, kwa sababu karibu molekuli zote nilizotaja zilipimwa IMM ya kushoto. José Cipolla-Neto, pamoja na Horn na McCabe, mwaka 1982, waliwafunza vifaranga, kisha saa chache baadaye wakaharibu IMM ya upande mmoja, na kesho yake ya upande wa pili. Walioanza kuharibiwa kulia wakamalizia kushoto walisahau. Walioanza kushoto wakamalizia kulia walikumbuka, ingawa sasa hawana IMM yoyote. Maelezo yao: ya kushoto ni ghala, ya kulia inapitisha kumbukumbu kwenda mahali pengine ndani ya saa kadhaa za kwanza. Ukiiacha ya kulia ifanye kazi yake usiku kucha, unaweza kuing'oa asubuhi. Kwa hiyo anayetafuta kumbukumbu ya juzi ndani ya IMM peke yake anatafuta mahali ambapo sehemu yake imeshahama.

Anayefuga kuku wa kienyeji na anataka kumpa kuku wake vifaranga wa mashine anaitumia kemia hii bila kuitaja. Vifaranga wawe wa siku moja, au mbili kwa kuchelewa sana, na kabla ya hapo wasikae kwenye mwanga na wenzao mamia, maana watakuwa wameshanasana. Wanasukumwa chini ya mbawa usiku, kuku akiwa ametulia juu ya mayai au vifaranga wake, ili asubuhi kitu cha kwanza kikubwa wanachokiona kikitembea na kuita kiwe yeye. Wa siku tano waliokulia kwenye bruda watalala chini yake kwa ajili ya joto, lakini akiita mchana hawageuki. Wanakimbiliana wao kwa wao.